Lekteri Iliyotaka Kukaliwa na Kuku

Ninyi mnaotembea na nyimbo elfu mfukoni na hamjui hata mmoja mpaka mwisho, sogeeni hapa. Viatu viacheni mlangoni, mkeka huu nimeukung'uta mwenyewe. Mimi ni fundi Sefu, mtu wa Kasongo, na kazi nimeiacha. Mikono inatetemeka, macho yanaona parafujo mbili mahali pana moja, na siku hizi nikiomba turnevisi ya kufungulia parafujo mke wangu ananiletea kijiko, anasema matokeo yatakuwa yaleyale.

Kila anayeingia sebuleni humu ana swali moja. Haulizi afya yangu. Anauliza kwa nini kwenye kabati kuna sanduku jeusi la chuma, na juu ya sanduku amekaa kuku wa kitambaa aliyejazwa mchanga, ana kishungi chekundu na jicho moja la kifungo cha shati. Nawajibu wote kwamba bila kuku, ninyi wajukuu wangu msingezaliwa. Wengine wanacheka, wengine wanaaga mapema. Ninyi hamna pa kwenda, mvua inanyesha, basi sikilizeni.

Sanduku lile ni lekteri, mashine ya kupigia CD, ya zamani. Jambo la kwanza mjue, ni nzito. Ukiibeba toka sokoni mpaka nyumbani, kesho yake mgongo unakukumbusha. Uzito ni wa chuma na wa transfo, yaani lile donge la nyaya za shaba linalopokea umeme na kuupunguza nguvu. Hapa kwetu umeme wa jenereta unakuja umelewa: mara uko juu, mara uko chini, mara umelala njiani. Vimashine vya plastiki vya leo vinakufa kwa kikohozi kimoja. Lekteri ya zamani inafifisha taa kidogo, inaguna, inaendelea kuimba. Halafu imefungwa kwa parafujo, si kwa gundi. Ikiugua unaifungua, unaona tumbo lake, unaifunga. Nimeona vijana wakifungua telefone kwa kisu cha mboga, na nikatoka nje nisione.

Lakini vituko vyake, usiseme. Ile droo inayobeba CD inavutwa na kampira kadogo. Kampira kakilegea, droo inatoka nusu na kusimama pale, inakutazama. Wateja walikuwa wanaivuta kwa nguvu mpaka meno ya ndani yanavunjika. Msivute. Chemsha maji, tumbukiza kampira dakika chache, kanajikunja, unapata miezi mingine ya amani. Na jicho lake, lile la kioo linalosoma CD, linataka pamba, tone la alkoli ya dispensari na mkono mwepesi. Halitaki mate. Nalisema hili kwa sababu watu wanatumia mate.

Mvuvi mmoja wa Nyangwe aliniletea CD aliyoisugua kwa mchanga wa Lualaba, namna anavyosugua sufuria, ikawa inang'aa mbele na nyuma. Akaniambia, "Fundi, nimeisafisha muzuri kabisa, lakini sasa iko bubu." Nilimwambia aitundike shambani ifukuze ndege. Msimu wa mavuno alirudi na mchele kunishukuru, na akauliza kama nina CD nyingine mbovu.

Msidhani mimi nilizaliwa na akili. Kazi nilifundishwa na Mwalimu Alimasi, mzee mfupi aliyevaa koti hata jua likiwa kali, na mifuko ya koti lile ilikuwa imejaa parafujo, hivi kwamba akipita unamsikia kabla hujamwona. Siku moja aliniambia nitie mafuta kidogo kwenye reli ambayo jicho la lekteri linatembelea. Grisi ilikuwa imekwisha. Nikawaza moyoni, mafuta ni mafuta. Nikaenda kwa mama muuza sombe, yale majani ya muhogo, nikaomba mawese kijiko kimoja. Nikapaka. Lekteri ikateleza vizuri ajabu, nami nikajiona nimevumbua kitu.

Siku ya nne mwenye mashine, mtu wa butiki kule sokoni, akaja ameibeba kichwani huku anajikuna shingo. Tulipofungua, sisimizi walikuwa wamehamia wote, na mayai yao, na mende mmoja aliyekufa waliyekuwa wanamgawana. Mwalimu Alimasi hakunipiga. Alinipa brashi na pamba, akanikalisha mpaka sisimizi wa mwisho ametoka. Kiisha akanipeleka butiki, watu wamejaa wananunua chumvi na sabuni, akaniambia, "Sema."

Nikasema mbele ya wote, "Mimi Sefu, nilitia mawese."

Walicheka mpaka mwenye duka akasahau kukasirika. Tukiwa njiani kurudi, Mwalimu akaniambia neno alilolirudia kwangu maisha yake yote: "Kasoro ukiisema mbele ya watu, si kasoro tena, ni tabia tu ya kile kitu. Ukiificha, wewe ni mwizi." Nilitikisa kichwa kukubali, kwa heshima. Kutikisa kichwa ni rahisi, wajukuu wangu.

Sasa bibi yenu. Nilikuwa kijana, nimekaa peke yangu kwenye karakana, akaingia msichana ametoka Kabambare kuuza karanga. Jina lake Mwayuma. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye kipande cha kitenge, mafundo matatu. Akafungua polepole, ndani CD moja.

"Fundi," akasema, "mbuzi aliikanyaga. Niangalilie kama iko muzima."

Nikaiweka kwenye lekteri ya mteja, ikaimba. "Iko muzima sana," nikamwambia. "Lekteri yenu ndiyo iko na shida?"

"Hatuna lekteri."

"Sasa munaisikiliza na nini?"

"Baba anaiimba."

Nikadhani ananitania. Hapana. Baba yake, Mzee Sumaili, alikuwa karani wa teritware, ile ofisi ya serikali pale Kabambare, amestaafu. Kaka wa huyo Mzee, aliyekuwa dereva upande wa Bukavu, alimletea CD saba na kumwahidi kwamba lekteri inakuja nyuma. Lekteri haikuja, na yule kaka akafariki, Mungu amrehemu. Mzee akabaki na CD saba kwenye kopo la biskuti. Kila Ijumaa baada ya sala anazipangusa zote, anachagua moja, anatazama picha ya karatasi yake, anasoma jina la wimbo, kiisha anaimba anavyoona yeye wimbo wenyewe lazima uko hivyo. Miaka mingi. Nyumba nzima ilizijua nyimbo zile kwa moyo, na hakuna aliyewahi kuzisikia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwayuma hakucheka. Akafunga CD yake mafundo matatu, akasema, "Ukimaliza kucheka nitarudi." Kesho yake alirudi kweli. Nilikuwa sijamaliza, lakini nilikuwa nimeoga na kuvaa shati la sikukuu.

Habari za katikati haziwahusu. Tulipofikia kwenda kwa wazazi, ikaja karatasi ya mali, yaani vitu ambavyo familia ya mwanamume inapeleka kwa familia ya mwanamke. Mzee Sumaili aliiandika mwenyewe, mwandiko wa karani, umenyooka. Mbuzi wawili. Jembe. Kitenge cha mama. Koti la baba. Chumvi. Kuku mtetea mmoja. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, amepiga mistari miwili: lekteri moja ya CD, ile nzito, INAYOIMBA.

Mbuzi na jembe nilipata. Lekteri nzito zilikuwa zimeadimika. Mwisho nikampata mchimbaji aliyetoka Salamabila, alikuwa nayo hii hii mnayoiona, akaniachia kwa kubadilishana na baiskeli yangu. Nikaifungua, nikasafisha jicho, nikachemsha kampira, nikatia grisi, grisi ya kweli. Nikaweka CD. Ikazunguka kidogo, ikateleza, ikaandika kwenye kioo kwamba hakuna CD.

Ugonjwa niliuona haraka. Juu ya CD kuna kishikio cha mviringo chenye sumaku, kazi yake kuikandamiza isiteleze. Sumaku ilikuwa imechoka. Nikatafuta nyingine Kasongo nzima, hakuna iliyoingia. Basi usiku na mchana nawaza. Siku moja kwa hasira nikaweka nusu tofali juu ya kifuniko. Kifuniko kikabonyea kidogo, kikakandamiza kishikio, na lekteri ikaimba kama kasuku. Nikiondoa tofali, kimya. Nikirudisha, inaimba.

Mwalimu Alimasi ndiye angekuwa msemaji wangu, kwa kuwa baba yangu alikwisha kufariki. Akaniuliza, "Sefu, lekteri iko sawa?"

Nikajibu, "Iko sawa, Mwalimu." Nilisema hivyo nimesimama mbele ya lile tofali ili asilione. Niliogopa, wajukuu wangu. Niliogopa akisema kasoro kwa mkwe, mkwe atasema tafuteni nyingine, na nyingine hakuna, na Mwayuma ataolewa na mtu fulani wa Salamabila mwenye pikipiki.

Mbuzi walitangulia. Sisi tukafuata kwa pikipiki mbili, njia mnaijua, siku nyingine ni njia, siku nyingine ni mto. Lekteri ilifungwa ndani ya godoro, kuku alikuwa kwenye kikapu mgongoni kwangu, akinidonoa sikio kila tukiingia shimo. Tofali niliacha nyumbani. Ningemwambia mkwe ni zawadi gani ile? Mpango wangu ulikuwa huu: nikifika nitachukua lile koti la baba, nitalikunja vizuri, niliweke juu ya lekteri kama mtu anayepamba. Uzito utatosha. Mungu anawaangalia watu wa mipango.

Kabambare tulifika tumepakwa tope mpaka kope. Tukaoga, tukavaa, tukaingia sebuleni kwa Mzee Sumaili. Mvua ilikuwa inanyesha, baridi. Mzee amekaa kwenye kiti chake na kanzu nyeupe, kopo la biskuti juu ya magoti. Mwayuma alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha pili, desturi, lakini pazia lilikuwa fupi na mimi niliviona vidole vyake vya miguu. Na pembeni, amesimama, dada wa Mzee, Shangazi Salima, mwanamke mrefu ambaye hakutabasamu siku ile na hajaanza mpaka leo.

Kwetu kitu cha mali hakipokelewi kwa macho. Kinajaribiwa mbele ya watu. Shangazi Salima akawatembeza mbuzi kuzunguka nyumba ndani ya mvua. Akaligonga jembe kwa jiwe, akasikiliza. Akaonja chumvi. Koti akamvalisha Mzee, akamwambia ainue mikono, ashushe, ageuke. Kuku akampima kwa mkono, akasema, "Huyu iko na uzito wake," akamlaza miguu imefungwa kando ya mlango. Kuku wa mali anachinjwa siku ileile, na firigisi ni ya baba mkwe, haigawanywi na mtu. Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yanachemka tayari.

Mniulize sasa koti lilikuwa wapi. Lilikuwa mgongoni kwa Mzee, na Mzee alikuwa amelipenda.

Jirani akawasha jenereta. Mzee akafungua kopo, akapitisha kidole kwenye CD zake, akachagua moja. Karatasi yake ilikuwa na picha ya mwanamume ameshika shavu. Akaipangusa kwa pindo la kanzu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikaiweka, nikasukuma droo kwa kidole. Ikazunguka. Ikateleza. Hakuna CD.

Nikajaribu tena. Hakuna CD. Nikatoa leso, nikaipangusa lekteri jasho ambalo lilikuwa langu. Nikauliza kwa sauti ndogo kama kuna kitu cha kuweka juu, kidogo tu, kwa urembo. Shangazi Salima akaniletea pasi ya makaa. Ile ni chuma tupu, ikakandamiza kifuniko mpaka CD ikakwama na kulia. Nikaomba kitu chepesi, akaniletea sahani. Ikawa nyepesi mno, nikaiondoa. Nikaona anatazama kinu.

"Labda inaona haya," akasema.

Mzee Sumaili akaweka kifuniko cha kopo lake polepole, na mlio ule mdogo wa bati nausikia mpaka leo. Mwalimu Alimasi akaninong'oneza, "Sefu. Iko na nini?"

Nikaviona vile vidole chini ya pazia vimekunjwa. Nikasema basi, liwalo na liwe. Nikasimama katikati ya sebule. "Mzee," nikasema, "lekteri hii iko na kasoro. Ninaijua toka mwanzo. Sumaku yake imechoka, na haiimbi mpaka iwekewe nusu tofali juu. Tofali nimeliacha Kasongo. Mwalimu wangu hakujua, nilimudanganya."

Mwalimu akainamisha kichwa, na zile parafujo za mfukoni mwake zikalia kidogo. "Mimi ndiye nimemuleta hapa na ulimi wangu," akasema. "Aibu hii iko yangu." Hapo nilitamani kulia. Kukosa mke nilikuwa nimejiandaa, lakini kumwaibisha mzee yule sikuwa nimejiandaa.

Shangazi Salima akauliza watu wote, si mimi, "Mutu anayeficha kasoro ya sanduku, za kwake mwenyewe anazificha fasi gani?"

Na Mzee akajibu, taratibu, sauti ya ofisi, "Mficha uchi hazai. Fungeni vitu vyenu, mvua ikipungua murudi kwenu."

Shangazi akaenda mlangoni kumchukua kuku amrudishe kwenye kikapu changu. Kamba ilikuwa imelowa, akaifungua aifunge upya. Kuku naye si mjinga, alikuwa ameyasikia yale maji yanayochemka. Akamponyoka. Akapita chini ya kiti, akapita juu ya paja la jirani, Shangazi nyuma yake ameikamata ile pasi, mbuzi mmoja akaingia kuangalia kuna nini, na kuku akaruka juu ya lekteri. Akasimama pale akishangaa. Mnakumbuka niliwaambia habari ya transfo? Ikikaa kwenye umeme kwa muda inapata joto, joto zuri la taratibu. Kuku alikuwa amelowa na ana baridi. Akajikung'uta, akazunguka mara mbili, akakunja miguu, akakaa kabisa kama yuko juu ya mayai.

Sikuwaza kitu. Kidole changu kikaenda chenyewe, kikabonyeza.

Gitaa likalia. Halafu magitaa mawili, halafu ngoma, halafu mwanamume akaanza kuimba, na sauti ikajaa sebule nzima, safi, nzito, bila mkwaruzo hata mmoja. Jirani akatikisa bega. Mbuzi akatoka. Shangazi Salima akasimama na pasi yake. Kuku akafumba macho.

Nikamtazama Mzee Sumaili nione furaha. Alikuwa amekunja uso. Akasikiliza mpaka kibwagizo, akainua mkono.

"Huyu mutu anaimba nini?"

"Wimbo wenyewe, Mzee," nikasema.

"Hapana." Akainua ile karatasi, akatuonyesha yule mwanamume aliyeshika shavu. "Angalieni. Huyu iko na huzuni. Amefiwa. Wimbo huu unaenda polepole, nimeuimba miaka mingi, ninaujua. Hii sasa ni nini, harusi? Mashine yenu inaimba vibaya."

Ee Mungu wangu. Tumepata sauti, sasa sauti ndiyo kosa. Nikamgeukia Mwalimu, Mwalimu akatazama dari. Na hapo nyuma ya pazia Mwayuma akaanza kuimba. Aliimba ule wimbo wa baba yake, wa polepole, wa yule aliyefiwa, juu ya magitaa ya watu wanaocheza. Havikulingana hata kidogo. Mzee akavumilia mstari mmoja, wa pili akaingia naye, macho yamefumba, mkono shavuni. Mashine inakimbia, wao wanatembea, jirani hajui acheze au atoe pole. Walimaliza dakika nzima baada ya mashine kunyamaza.

Mwalimu Alimasi aliijua kazi yake. Kabla mtu hajasema neno, akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Mzee Sumaili, lekteri hii iko na kasoro mbili. Moja, inataka kuku akae juu. Mbili, inaimba vibaya. Zote mbili tumezisema hapa mbele ya watu, hatukubakiza. Kwetu kasoro iliyosemwa mbele ya watu si kasoro tena, ni tabia tu ya kitu. Na kijana huyu pia iko na kasoro. Aliwahi kutia mawese ndani ya lekteri ya mutu, ikajaa sisimizi. Akiogopa, anasema uongo. Uongo wake ni mufupi, leo mumeona, haukufika hata magharibi."

Mzee akairudisha ile karatasi ya picha ndani ya kopo. Kiisha akasema, "Basi na mimi niseme ya kwangu, tusije kuitwa wezi." Akageukia pazia. "Binti yangu Mwayuma anakoroma. Akikasirika, siku tatu hasemi na mutu, siku ya nne anasema yote. Wali wake unaungua chini, kila siku, hata mukimusimamia. Umesikia, kijana?"

"Nimesikia, Mzee."

"Ni kasoro?"

"Ni tabia," nikasema.

Na nyuma ya pazia sauti ikajibu, "Nani anakoroma?"

Watu wakacheka mpaka sauti ya mvua ikafunikwa. Mzee akainuka, akashika kalamu yake ya ukarani, akatia alama kwenye karatasi ya mali. Mbele ya neno lekteri akaongeza kwa mkono wake: pamoja na kuku wake. Halafu akatamka kwamba kuku yule haguswi. Firigisi ameisamehe. Siku ile tulikula wali na sombe tupu, na maji yaliyochemshwa kwa ajili ya kuku tulipikia chai. Shangazi Salima anaishi bado, na kila tukikutana ananiuliza nyama yake iko wapi.

Yule mtetea aliishi miaka mingi pale Kabambare, Ijumaa kwa Ijumaa, amekaa kazini. Wengine walimwita Dereva. Alipozeeka na kufa, Mwayuma alimshona huyu wa kitambaa. Alijaza mchanga kidogo kidogo huku anampima kwa mkono, mpaka Mzee akaweka CD na lekteri ikaimba, na Mzee akasema, kama kawaida, kwamba inaimba vibaya. Kiisha wakaimba wao ule ulio sawa. Mzee alipofariki, lekteri na kopo la biskuti vikaja kwetu.

Sasa mashine imelala. Jicho limechoka, na langu pia. Nimeifungua mashine mara nyingi, nimelipangusa jicho lake, haioni tena. Juzi Zaina, ndiyo, wewe uliyejificha nyuma ya wenzako, ulitaka kutufurahisha. Ukasoma jina kwenye karatasi ya yule mwanamume aliyeshika shavu, ukautafuta wimbo ndani ya telefone yako, ukaupata. Wimbo ukalia mzima, magitaa yote, bila tofali wala kuku. Mimi niliona ajabu.

Bibi yenu alikuwa jikoni, wali unaungua. Akatoka na mwiko, akasikiliza mpaka kibwagizo. Akakuambia, "Mujukuu wangu, telefone yako iko na kasoro. Kwa nini hukusema?"

Ukaizima. Naye akarudi jikoni, akauanza upya, polepole, mkono shavuni, ule wa baba yake. Nami nikauingia kwenye mstari wa pili, maana huko ndiko unakoingiliwa.